Fungu la Mgeni

Tangu Mwalimu Julius Nyerere alipolihutubia Bunge mwezi Desemba 1962 na kutangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, tumezoea kusikia kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa lolote. Maneno hayo yamerudiwa katika madarasa yetu mara nyingi, na ni ya kweli. Lakini aghalabu tunapoutaja utamaduni, mawazo yetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na nyimbo, yaani mambo yanayoonekana uwanjani siku ya sikukuu. Katika insha hii nataka kuzungumzia jambo dogo zaidi, lisilochezwa wala kuchongwa. Nataka kuzungumzia ugali kidogo unaobakizwa chunguni baada ya watu wa nyumbani kula, na jinsi ulivyonifundisha mimi, mwandishi na msemaji wa mikutanoni, jambo ambalo nilikuwa nimelihubiri kwa miaka kumi bila kulijua.

Nilizaliwa Ugogo mwaka 1948, katika nyumba ya tembe yenye paa la udongo. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kanisa la Kianglikana, kanisa ambalo wamisionari wake walifika Mpwapwa mwaka 1876. Yeye na wenzake walikuwa wameguswa na lile vuguvugu la uamsho lililoanzia Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930. Kwa hiyo nyumbani kwetu pombe haikuingia, na muheme, ile ngoma inayopigwa na akina mama wa Kigogo, ilisikika kwa mbali tu. Baba alikuwa mpole, lakini katika mambo hayo hakuwa na mzaha. Mara nyingi alikuwa safarini, leo kijiji hiki, kesho kile, akitembea kwa miguu au kwa baiskeli, na Biblia yake imefungwa katika kitambaa.

Aliyetulea hasa ni bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati wa Mtunya. Vijana wengi wa leo hawalijui jina hilo. Mtunya ndilo jina ambalo Wagogo waliipa njaa kuu iliyowapata mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya Wajerumani, na baadaye ya Waingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, na wanaume wenye nguvu walikuwa wamechukuliwa kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakataa kunyesha. Watu waliuacha uwele mkavu shambani wakaenda kutafuta chakula kokote walikodhani kipo, na wengi hawakurudi.

Bibi alituhadithia kwamba yeye na mama yake walitembea siku tatu, wakafika jioni kwenye tembe la watu wasiowafahamu. Mama wa nyumba ile alikuwa na chungu kimoja cha uji, na watoto wake mwenyewe wamekaa kukizunguka. Hakuuliza jina wala ukoo. Alichota akawagawia watoto wake, kisha akachota kilichokuwa chake, akampa bibi yangu na mama yake. “Tulikula fungu la mtu asiyetujua,” bibi alikuwa akisema, na hapo sauti yake ilishuka. Tangu siku ile, mpaka alipofariki mwaka 1971, bibi hakuwahi kukwangua chungu mpaka chini. Hata katika miaka ya shida alibakiza ugali kiasi cha mkono mmoja na mlenda kidogo kando yake, akafunika kwa ungo. Tukimuuliza ni wa nani, jibu lake lilikuwa moja tu: “Wa mgeni. Yuko njiani.”

Baba, aliyekataza mambo mengi, hakulikataza hili hata siku moja. Katika sala ya kabla ya chakula alikuwa akimwomba Bwana aje awe mgeni wetu, akatukumbusha wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, ambao walitembea na Mwokozi mchana kutwa wasimtambue, wakamjua pale tu alipoumega mkate mezani pao. Wangemwacha apite, baba alisema, wasingelijua kamwe waliyekuwa naye. Hivyo imani ya baba na desturi ya bibi zilikutana pale chunguni, nami nikakua nikidhani kwamba ni kitu kimoja.

Nilisomea ualimu, nikafundisha, nikaoa mwaka 1974. Mwaka 1975 nilianza kuandika vijitabu vya hadithi na methali za nyumbani kwetu kwa Kiswahili. Kielelezo changu kilikuwa marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo mwenzangu, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Yeye alikuwa Mkristo wa kanisa Katoliki. Aliandika historia, mila na desturi za Wagogo katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na pia alizigeuza Enjili na Zaburi kuwa tenzi za Kiswahili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndiye aliyezieneza ngonjera, ambazo zilipokelewa haraka katika shule zetu. Niliona kwake kwamba mtu aweza kuwa Mkristo kamili, Mgogo kamili na Mtanzania kamili, bila mojawapo kulidhulumu jingine.

Vijitabu vyangu havikuwa vikubwa, lakini vilisomwa shuleni, na muda si mrefu barua zikaanza kuja. Mkuu wa shule fulani angependa nije kuzungumza na wanafunzi wake siku ya wazazi. Chuo cha ualimu kingependa mhadhara juu ya hadithi simulizi. Usharika fulani ulikuwa na semina ya vijana, wakataka nizungumzie malezi. Niliitwa pia redioni, na jioni moja moja sauti yangu ikasikika kutoka Dar es Salaam. Kila nilipokwenda nilieleza habari za chungu cha bibi. Nilikuwa nimeipanga hadithi ile vizuri, nikijua wapi ninyamaze na wapi nishushe sauti kama yeye. Walimu walifuta macho. Nami nilirudi nyumbani na ujira wa msemaji wa siku zile: kanga ya mke wangu, kikapu cha viazi vitamu, au jogoo aliyefungwa miguu, ambaye safari moja alifunguka katika basi kati ya Singida na Manyoni akawafanya abiria wote wawe wafugaji kwa muda wa saa nzima.

Sitaki msomaji adhani kwamba safari zile zilikuwa upuuzi. Zilinifundisha nchi yangu kupitia mezani, na mafunzo hayo nayathamini mpaka leo. Nitataja matatu tu.

Mwezi Julai 1982 nilialikwa Kilwa Masoko. Siku zile hapakuwa na daraja katika mto Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla ya hapo tulingoja kivuko cha Ndundu, pengine tangu asubuhi mpaka alasiri. Nilifika nimechoka na nina njaa, na ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu Mwislamu, na yeye na mkewe walikuwa wamefunga. Sikuwa nimekaa sawasawa nilipoona moshi jikoni. Mama wa nyumba alikuwa akinipikia wali wa nazi na samaki, katika joto lile, naye hajatia hata tone la maji kinywani tangu alfajiri. Nilimsihi aache. Akanijibu, “Mwalimu, wewe ni mgeni tena ni msafiri. Kufunga ni ibada yetu sisi, na kukulisha wewe ni sehemu ya ibada hiyo hiyo.” Nilishindwa kula. Nikasema nitangoja jua lizame pamoja nao. Magharibi tulifungua kwa tende, uji, mihogo ya nazi na kaimati, kisha ule wali ukaletwa, nami sijapata kula chakula kilichonishibisha kama kile. Nilielewa kwamba fungu la mgeni halikuwa mali ya Wagogo wala ya Wakristo peke yao.

Bukoba nilikwenda kwa meli ya MV Victoria, tukaondoka Mwanza usiku na kuliona jua likichomoza ziwani. Huko nilipokewa kwa buni za kutafuna, zile za kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, kabla ya jambo lolote jingine. Mzee mwenyeji wangu alinieleza kwamba zamani watu wawili waliokuwa wakifanya udugu walishirikiana buni za tunda moja. Kisha zikaja ndizi zilizopikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na senene, kwa kuwa ulikuwa mwezi Novemba. Niliwatazama senene wale, nao wakanitazama. Nilikumbuka kwamba mtu wa Ugogo anayemcheka mwenzake kwa kula senene atakuwa amesahau jinsi mgeni anavyoutazama mlenda mara ya kwanza. Nikala. Nikaomba tena.

Somo la tatu lilikuwa gumu zaidi, nalo lilinipata Iringa, katika msimu wa ulanzi. Mzee mmoja, baba wa mwalimu aliyenialika, alinijia na kikombe cha ulanzi mpya, amekishika kwa mikono miwili. Mimi, kwa malezi ya baba yangu, sijaonja pombe. Vijana wengi huniuliza Mkristo afanye nini pale mila ya wenyeji inapokutana na katazo la imani yake. Sina kanuni ya kuwapa. Naweza kusema tu nilivyofanya. Nilisimama, nikakipokea kikombe kwa mikono miwili kama kilivyotolewa, nikashukuru kwa sauti, nikamwombea mzee baraka yeye na mianzi yake, kisha nikamwambia, “Baba, nyumbani kwetu baba yangu aliweka nadhiri, nami naitunza. Naomba unywe kwa niaba yangu.” Mzee alinitazama kwa muda. Akasema, “Anayemtii baba yake akiwa mbali hivi hawezi kunidharau mimi,” akanywa, akaagiza niletewe maziwa. Neno lile la mzee, kuhusu kumtii baba nikiwa mbali, lilikuja kunirudia baadaye kwa njia ambayo sikuitazamia.

Miaka ile ya mwanzo ya 1980, walimu wenzangu wataikumbuka, sukari ilikuwa adimu, sabuni ilikuwa adimu, na unga wa njano wa msaada ulikuwa umeingia katika kila chungu. Lakini sikumbuki nyumba hata moja, kutoka Tabora mpaka Newala, iliyoninyima. Katika shule moja ya sekondari mkuu wa shule alinitilia katika chai sukari yote iliyokuwa ndani ya kopo, akagonga kopo kwa kidole ili punje za mwisho zidondoke. Mimi nilikunywa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni, akitabasamu.

Sasa nifike pale ninapopakusudia.

Mwezi Juni 1986 nilikuwa nimesafiri wiki tatu mfululizo. Nilikuwa nimetoka Kigoma kwa treni, ile reli ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na tulikuwa tumechelewa sana njiani. Nilifika nyumbani Dodoma usiku wa manane, nikiwa na dumu la mawese na kifurushi cha dagaa. Mke wangu aliamka, akawasha taa ya chemli. Juu ya meza palikuwa na sahani iliyofunikwa kwa kawa. Nilijua ni nini, maana desturi ya bibi aliishika yeye kuliko mimi. Nikanawa, nikakaa, nikaanza kula.

Binti yetu wa mwisho, aliyekuwa na umri wa miaka mitano, alisikia sauti akatoka chumbani. Alisimama karibu na mlango akinitazama ninavyokula. Halafu akamgeukia mama yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtoto anayetoa habari njema, “Mama, yule mgeni wa lile fungu amekuja.”

Kisha akaja mbele yangu, akaniamkia kwa adabu zote kama anavyofundishwa mtoto kuwaamkia wageni, akarudi kulala.

Mke wangu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alingoja nimalize, akaniletea maji ya kunawa. Ndipo aliposema, “Baba watoto, mimi sikukatazi safari. Lakini watoto wako wanaijua sauti yako ya redioni kuliko ya hapa nyumbani. Huko unakokwenda unawaambia watu wabakize fungu. Hapa kwako tunambakizia nani?”

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoka kuzungumza juu ya malezi mbele ya mamia ya wanafunzi, na nilikuwa nimepigiwa makofi. Nilijaribu kukumbuka binti yangu anapenda chakula gani, nikashindwa. Nilikumbuka vizuri sana kwamba mtoto wa mwenyeji wangu wa Kigoma anapenda migebuka ya kuchoma.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikwenda kumwona baba. Alikuwa amestaafu, akitembea kwa fimbo. Nilitazamia anikaripie, au anisomee sehemu fulani ya nyaraka za Mtume Paulo juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani kwake. Hakufanya hivyo. Alikaa kimya muda mrefu chini ya mti wa mkwaju, kisha akasema, “Nilikuwa nakwenda kutafuta kondoo za watu. Zangu nilimwachia bibi yako. Wewe ulinijua wakati wa Krismasi na wakati wa msiba. Sikukuambia kwa sababu hukuniuliza, nami niliona haya kukuambia usipouliza.” Akaniambia pia jambo ambalo sikupata kulisikia. Lile fungu lililofunikwa kwa ungo, ambalo sisi watoto tuliambiwa ni la mgeni aliye njiani, usiku mwingi aliyelila alikuwa yeye.

Basi nikaelewa. Bibi hakutudanganya. Alimhesabu mwanawe kuwa mmoja wa walio njiani, na alimwekea chakula kwa upendo ule ule aliowekewa yeye na mgeni wakati wa Mtunya. Mke wangu alikuwa akinifanyia mimi hivyo hivyo. Wanawake hawa wawili walitunza nyumba mbili zisianguke kwa ugali kiasi cha mkono mmoja. Na sisi wanaume wawili, mmoja akihubiri Neno na mwingine akihubiri utamaduni, tulikula tukaondoka tena.

Nilitoka kwa baba nikiwa na azimio. Tangu mwaka ule sikusafiri zaidi ya siku kumi mfululizo. Wakati wa likizo nilisafiri na mtoto mmoja mmoja, kwa zamu. Na nilijiwekea sharti kwamba sitazungumza mbele ya watu juu ya jambo ambalo sijalifanya nyumbani kwangu katika mwezi ule. Sharti hili la mwisho lilikuwa gumu mno. Lilinilazimisha kukataa mialiko, na mmoja kati ya hiyo, mwaka 1988, ulikuwa wa heshima kubwa kuliko yote niliyopata kupewa. Wapo walioniona ninajivuna. Barua zikapungua, na redioni wakapatikana wengine wenye sauti nzuri kuliko yangu.

Lakini niliyoyapata siwezi kuyapima. Mwaka 1994 nilikwenda Masasi na yule binti aliyenisalimu kama mgeni. Alikuwa sasa na miaka kumi na mitatu. Wenyeji walitupa ming'oko ya kuchemsha na korosho, wakatueleza jinsi Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa Masasi mwaka 1926, alivyokubali jando liingie katika maisha ya Wakristo badala ya kulipiga marufuku, likafanywa pamoja na sala na mafundisho ya kanisa. Njiani kurudi binti yangu aliniuliza, “Baba, kwa nini babu alikataa muheme, na huko Masasi jando likakubaliwa?” Tulilizungumza swali lile kutoka Masasi mpaka Lindi. Nilimweleza kwamba babu yake aliona ngoma pamoja na pombe na magomvi yake, akaona afadhali aache vyote. Nilimweleza pia kwamba mti unaweza kupunguzwa matawi bila kukatwa shina, na kwamba kila kizazi hulazimika kuamua upya lipi ni tawi na lipi ni shina. Leo katika makanisa ya Ugogo nimesikia muheme, zeze na ilimba vikipigwa na kwaya mbele ya madhabahu. Baba alikuwa hai bado niliposikia hivyo mara ya kwanza. Nilimtazama kwa hofu. Mguu wake ulikuwa ukifuata mapigo.

Sitaki kumdanganya msomaji, hasa kijana, kwamba kila kilichoharibika kilitengenezeka. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mmoja usiku ule wa 1986, na muda mfupi baadaye alikwenda shule ya bweni. Miaka ambayo ningekuwa baba yake ilikwisha nilipokuwa nikiwafundisha baba wengine. Ni mtu mwema, na hunitumia msaada kila mwezi bila kukosa. Lakini mpaka leo hunisalimu kama mtu anavyomsalimu mkuu wa shule yake ya zamani. Namheshimu, naye ananiheshimu. Kila nikisali nalitaja jina lake la kwanza.

Ndugu zangu walimu, tunapowafundisha vijana wetu mila na desturi, tusiishie kuwaambia waziorodheshe kwa ajili ya mtihani. Tuwatume nyumbani wakaulize: chakula hiki kinabakizwa kwa ajili ya nani? Nani alianza? Alipatwa na nini hata akaanza? Nyuma ya desturi nyingi ndogo yupo mtu aliyewahi kuona njaa, au vita, au upweke, akaamua kwamba mwingine asipatwe na yale yaliyompata yeye. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini walisema pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya pili huwafaa hata baba wa nyumba. Akae mpaka siku ya tatu, apewe jembe, alime pamoja na wa kwake.

Nanyi vijana, mnaosoma insha hii pengine kwa sababu mwalimu ameiagiza, wengi wenu mtasafiri kuliko sisi. Mtaitwa kuzungumza mbele ya watu, mtapigiwa makofi, na makofi ni matamu. Pokeeni kila kikombe kwa mikono miwili. Kuleni kwa heshima chakula cha kila kabila na kila dini mtakachopewa. Lakini mjue pia watoto wa nyumbani kwenu wanapenda kula nini.

Mke wangu alifariki mwaka 2013. Tangu hapo kazi ya kulifunika fungu ni yangu. Napika ugali wa uwele kwa shida, mlenda naujua vizuri zaidi, na kila jioni nabakiza kidogo. Mara nyingi analila jirani, au kijana wa bodaboda aliyenyeshewa. Mwezi Desemba 2024 mjukuu wangu, mtoto wa yule binti, alinipigia simu asubuhi kutoka Dar es Salaam akisema anakuja likizo kwa treni mpya ya umeme, ambayo ilianza safari zake hadi Dodoma katikati ya mwaka ule. Mimi, kwa mazoea ya reli ya zamani iliyotulaza njiani usiku kucha, nilihesabu kwamba atafika kesho. Nilipika chakula cha mchana, nikala, nikafunika fungu, nikakaa barazani.

Hata sijasinzia nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa ameshika begi lake, anacheka kwa jinsi nilivyoshangaa.

“Shikamoo, babu. Umenibakizia?”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nawa mikono.”

Alinyanyua kawa. Ugali ulikuwa bado wa moto.